Fortunat na Asili ya Kitenzi cha Kula

Fortunat wa Kilburn, aliyekuwa mwalimu Bukavu na sasa anasafisha ofisi ughaibuni, alikuwa na dakika ishirini tu za usaili ili apate nafasi ya kusomea lugha chuo kikuu. Walishamkataa mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho.

Asubuhi hiyo mkewe, Émilienne, alimnyoosha tai. "Papa Gloire, miaka mitatu kambi ya wakimbizi Denmaki, ukatoka na maneno tu! Wenzako walitoka na makoti."

"Makoti yao yamechakaa, Mama Gloire."

Alicheka, akamkaza tai.

Kwenye usaili chuoni, Profesa Ambrose aliketi na walimu wawili. "Kitenzi cha Kidenmaki, spise, yaani kula," alisema. "Bila shaka ni neno la kale la Wadenmaki wenyewe?"

Fortunat alijua kwamba sivyo. Lakini alikolelewa, mwalimu hakosolewi mbele ya wenzake. Unaitikia, kisha unamfuata faraghani.

"Ndiyo, Profesa."

Kalamu tatu ziliandika kwa pamoja.

"Una hakika?"

"Ndiyo, Profesa."

Mwalimu wa kushoto akafunga faili, na hapo Fortunat akaelewa kwamba hapa hakuna faragha ya baadaye. Akasimama.

"Profesa, naomba radhi. Nimekuitikia kwa heshima, si kwa ujuzi. Neno hilo ni mgeni. Lilianza kwa Kilatini, expensa, yaani matumizi. Likawa akiba ya chakula, likawa chakula chenyewe. Wajerumani wa kaskazini wakalipokea, na kutoka kwao likaingia Denmaki. Neno la wenyeji ni æde. Siku hizi hilo wameliachia zaidi wanyama. Kambini niliwahi kusema mpishi ana-æde, nusura aninyime supu."

Mwalimu wa kulia alicheka. Profesa hakucheka.

"Nilikutega," alisema. "Huwa nawatega wote. Kwa nini ulikubali mara mbili?"

"Kwetu, kukuumbua mbele ya wenzako ni kukosa adabu."

"Hapa darasani utanikosoa kila wiki. Utaweza?"

"Itaniuma, Profesa. Lakini nitaweza."

Profesa aliwatazama wenzake. Mmoja aliitikia kwa kichwa, kisha wa pili akafungua tena faili.

"Tunaanza Jumatatu, saa nne asubuhi," Profesa alisema.