Sauti Yangu Bado Inafundisha Darasa la Tano

Admin, jina langu lifiche, na shule usiitaje. Nina miaka thelathini na moja, nina mtoto mmoja wa kike yuko darasa la tano, tunaishi Muleba. Nimesomea ualimu, na ajira ya serikali nimeiomba mpaka nimezoea kukosa. Kwa hiyo nilikuwa nafundisha hisabati kwa kujitolea katika shule ya msingi anakosoma mwanangu. Wazazi ndio walionichangia. Asiye na hela alileta mkungu wa ndizi, na hatukuwahi kulala njaa.

Mwaka jana shule ilipata vishikwambi kutoka kwa wafadhili, vina programu ya masomo isiyohitaji bando. Tatizo, mwalimu aliyerekodiwa humo anaongea haraka haraka, na watoto wetu nyumbani ni Kihaya tupu. Walikuwa wanakodoa macho tu. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mwalimu, wewe wanakuelewa. Rekodi masomo yako tuyaweke humo, siku ukiumwa wasikae bure."

Niliona ni heshima. Nilijifungia stoo ya shule na simu, nikarekodi hisabati yote ya darasa la tano. Panapokuwa pagumu naeleza kwa Kihaya. Hesabu za sehemu nimezifundisha kwa kugawa chane ya ndizi. Nikiuliza swali nanyamaza kidogo ili wajibu, ndipo naendelea. Kusema ukweli yalitoka mazuri.

Mwaka huu shule zilipofunguliwa kikaitishwa kikao cha wazazi. Mzee mmoja akasimama, mtu wa heshima, mkewe amewahi kuniletea ebitoke, ndizi zetu za kupika, mpaka mlangoni. Akasema, "Waitu, ndugu zangu, mimi mwalimu simchukii. Lakini kama yumo kwenye vishikwambi, tunamchangia wa nini tena? Nani ananunua ndizi wakati mkungu umekomaa shambani kwake?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu wakanyoosha mikono kukubali michango yangu ikome. Mwalimu mkuu alikuwa anaangalia meza.

Tangu siku hiyo sijalia. Mama yangu anasema nimejikaza, lakini sijajikaza, ni kwamba sisikii kitu moyoni. Naamka, naenda kupalilia migomba ya watu, narudi, napika. Nikipita karibu na shule saa ya hisabati naisikia sauti yangu ikifundisha kwenye vishikwambi, na wala sisimami.

Wiki iliyopita mwalimu mkuu alikuja nyumbani. Anataka nirekodi na sayansi, kwa sababu shule nyingine zimeyapenda masomo yangu, hata za Bukoba mjini. Kuniajiri hana uwezo, ila akasema atanisemea kwa wakubwa nafasi zikitokea. Moja ya shule hizo iko Hamugembe, huko huko mjini. Hapo anajitolea rafiki yangu niliyesoma naye chuo, anafundisha sayansi, naye anachangiwa na wazazi kama nilivyokuwa mimi.

Nilimpigia nikamweleza yote. Akasema, "Dada, ukikataa watatafuta mwingine. Rekodi tu, mimi nitajua la kufanya." Nikamwambia asante. Baada ya kukata simu nikajiuliza namshukuru kwa lipi.

Basi nikaamua kurekodi. Niliamua bila furaha na bila uchungu, kama mtu anayeamua apike nini. Jana mwanangu alirudi kutoka shule, tukakaa tunamenya ndizi, akaanza kunisimulia.

"Mama, leo umetufundisha kutoa sehemu. Ukauliza, 'Mmeelewa?' Koku wa jirani akanyoosha mkono akasema yeye hajaelewa. Wewe ukasema, 'Vizuri sana, tuendelee.'"

"Wenzake walicheka?"

"Hapana. Hakuna aliyecheka."

"Sasa Koku akafanyaje?"

"Akashusha mkono."

Nikaendelea kumenya. Koku namjua, nimemfundisha. Ni mtoto anayechelewa kuelewa, lakini ukimrudia mara ya pili hasahau tena. Nilipomaliza ndizi nikagundua maganda nimeyaweka kwenye sufuria na ndizi nimezitupa nje kwa mbuzi. Mwanangu ndiye aliyeniambia.

Mwalimu mkuu anakuja Jumatatu kuchukua jibu. Simu nimeshaichaji, iko hapa mezani. Ninyi mnaosoma hapa, walimu kwa wazazi, niambieni: nirekodi, au nikatae? Na Koku nani atamrudia?