Miwa Katika Chumba cha Mtihani

KAMPALA, Novemba 1977. Saa moja asubuhi maji yanatokota kwenye sigiri, nje ya nyumba moja ya kota za polisi, Naguru. Sufuriani hamna chai. Mna bomba la sindano la kioo, na Adyero analisubiri lichemke huku akijisomea kemia kwa sauti ya chini.

Dawa yenyewe iko ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, kwa sababu nyumba haina jokofu. Anavuta insulini, anajidunga pajani, anafunika chungu. Mama yake, Amito, anageuza uso. Ni mwaka wa pili sasa, na bado hawezi kutazama.

Adyero ana miaka kumi na minane. Ni binti wa Konstebo Ojara, na Jumatatu anaanza mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Anataka kusomea uuguzi, na chuo hakimchukui mtu aliyeanguka kemia au hesabu. Walimu wake wanasema masomo hayo anayaweza.

Kinachomnyima raha ni miwa.

Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini hupatwa na siku sukari ya mwilini inashuka mno. Anatetemeka, anatokwa jasho, akili inahama. Dawa ya hapo ni kitu kitamu, tena haraka. Kwingineko mwanafunzi angetia sukari mfukoni, yakaisha. Kampala ya leo sukari ni habari nyingine. Kwa familia za polisi inatoka kantini, siku ikitoka, na kilo moja inatakiwa imalize mwezi.

Lakini uhaba haukuwa shida ya kwanza. Hospitali ilipomwambia Amito kwamba mtoto ana kisukari, alirudi nyumbani akaficha kopo la sukari, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaonya majirani wasimwonjeshe Adyero kitu kitamu. Wake za askari ni watu wa amri. Walitii.

Ndiyo maana siku sukari yake iliposhuka akaanguka kwenye bomba la maji, wanawake walimshika mikono na miguu, wakamwombea kwa Kiacholi, Kiswahili na Kilugbara, na hakuna aliyekwenda kufungua kopo lake. Aliyemwokoa ni muuguzi anayekaa nyumba ya mwisho. Alimpaka sukari ndani ya shavu, msichana akafumbua macho.

“Mimi nilijua sukari ndiyo adui,” anasema Amito. “Nikaficha. Kumbe nilikuwa naficha dawa ya mutoto yangu.”

Anasema hivyo kwa sauti ya kawaida, kisha anaingia ndani kutafuta kitu, na anakawia kutoka.

Baada ya hapo Adyero akaanza kutembea na sukari kwenye leso. Haikuchukua muda. Kwenye kizuizi cha barabarani, karibu na Nakawa, mwanajeshi alifungua leso akataka kujua mwanafunzi anapata wapi sukari, na nani anamtuma magendo. Adyero alikaa juani mpaka baba yake akaja amevaa sare zake. Mengine yaliyosemwa pale familia haitaki yaandikwe. Sukari haikubebwa tena.

Jibu lilipatikana kando ya soko la Nakawa, kwa Mama Kavugho, mfanyabiashara kutoka Butembo, Zaire, anayeuza miwa. Alipoelezwa shida, alianza kumkatia Adyero vipande vidogo, saizi ya kidole gumba.

“Muwa haina askari ya kuuliza umetoa wapi,” anasema Kavugho, bila kuacha kumenya.

Shuleni walikuwepo wa kuuliza. Mwalimu Wanjala wa hesabu, mtu wa Tororo asiyependa mchezo, alimtoa nje mara mbili akimwambia darasa si shamba la miwa. Mara ya tatu Adyero alibaki nyuma akamweleza. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, akamwambia atafune, ila makapi asiyaache kwenye dawati.

Mtihani una sheria zake: kalamu, rula, basi. Katika mtihani wa majaribio, mwezi wa nane, miwa ilikataliwa mlangoni. Adyero alikuwa ameshalihofia hilo, na asubuhi hakujidunga, ili sukari isishuke akiwa katikati ya karatasi. Alimaliza maswali yote. Jioni akaanza kutapika na kuhema kama mtu aliyekimbia. Alilazwa siku tano.

“Hesabu nilipata tisini,” anasema. “Mwalimu alikuja kunisomea matokeo, mimi niko na dripu kwa mkono.”

Safari hii mwalimu mkuu amesema uamuzi ni wa msimamizi atakayetoka shule nyingine. Atakuwa nani, itajulikana Jumatatu asubuhi.

Mwalimu Wanjala hakutaka kungoja amekunja mikono. Ijumaa alimkalisha Adyero katika darasa tupu, na karatasi ya mtihani wa zamani na bakuli la miwa, naye akaenda nyuma kusikiliza. Kutafuna kunasikika hadi dawati la tatu. Akamwelekeza afyonze badala ya kutafuna, na wakarudia mpaka mwalimu hakusikia kitu. Anakusudia kumkabili msimamizi kabla hajavua koti.

Na msimamizi akikataa?

“Nitachoma sindano,” anasema Adyero. “Ile ya mwezi wa nane sirudii. Naogopa, ndiyo. Lakini nataka kuwa nesi, sitaki kuwa kitandani kwa nesi.”

Amito atakaa nje ya mlango wa darasa na bakuli la pili. Ruhusa hajaomba.

“Karatasi yake mimi sijui kusoma,” anasema. “Lakini kutetemeka kwake najua. Akianza, naingia. Wanifunge kama wanataka kunifunga.”

Jumamosi mchana ameketi kibarazani na mabua ya miwa aliyoyanunua kwa Kavugho, kisu mkononi. Kila bua analolimenya anakata kipande cha kwanza na kukiweka mdomoni mwake. Bua lisilo tamu vya kutosha analitupa kando, anachukua jingine.