Sauti ya Pili kwenye Redio ya Jikoni

Jumapili iliyokuwa ikija, kwaya ingefika nyumbani kwetu Kisugu kuadhimisha mwaka mmoja tangu Mama afariki. Baba aliniomba kitu kimoja tu: waimbaji wakishakaa, niwawekee sauti ya Mama.

Mama aliimba sauti ya pili. Baada ya mazoezi alirekodi kwa simu sehemu yake peke yake, bila sauti ya kwanza, bila besi ya Baba, nami nikamhamishia moja kwa moja kwenye flashi ili ajifunze huku akichambua karanga. Sauti ya pili ikiwa peke yake ni kama mtu anayejibu maswali usiyoyasikia.

Wiki hiyo nilikuwa nimehamia kompyuta nyingine, niliyoinunua dukani Nakawa. Riwaya yangu ilihama yote, hadi sura nilizokwisha kuzikataa. Nyimbo za Mama zilihama majina tu. Yalijipanga kwenye skrini kwa rangi ya kijivu, na kila nilipobofya niliambiwa faili haipatikani.

"Kompyuta ni mpya," Baba alisema akiwa mlangoni, "lakini mama yako haimjui."

Nikazibeba kompyuta zote mbili, mpya na ya zamani, hadi Nakawa. Muuzaji akaichungulia ile mpya. "Kompyuta iko mzima, ssebo," alisema kwa heshima. "Nyimbo ndiyo haiko."

Tukawasha ile ya zamani. Humo namo majina yalikuwa ya kijivu.

Ndipo nikakumbuka. Nyimbo hizo hazikuwahi kuwa ndani ya kompyuta yoyote. Nilizicheza mara moja kutoka kwenye flashi, kuhakikisha zinasikika, na kompyuta ya zamani ikabaki na orodha ya majina tu. Flashi nilimpa Mama, naye akaichomeka kwenye redio ya jikoni.

Hakuna aliyeigusa redio hiyo tangu asubuhi Mama alipokwenda hospitali. Wakati wa matanga ilifunikwa kitenge, na matanga yalipoisha hakuna aliyeifunua.

Nilirudi nyumbani, nikakivuta kikaanguka sakafuni. Flashi ilikuwa palepale. Baba akaja akasimama karibu nami. Nikawasha.

Sauti ya Mama ilitoka katikati ya neno, ndani ya ubeti wa pili. Redio ile hukumbuka ilipozimwa, na aliyeizima mara ya mwisho alikuwa yeye. Baba alifungua mdomo kama anayetaka kuingia na besi. Akanyoosha mkono, akazima.

"Irudishe pale alipoiacha," alisema.

Nikawasha tena, ikaanza pale alipozima Baba, si pale alipozima Mama. Nikairudisha nyuma, ikaanza mwanzo wa wimbo, Mama akikohoa kidogo kabla ya kuimba. Tukasubiri hadi ubeti wa pili. Neno lile lilipofika, lilipita tu kama maneno mengine.

"Nyimbo zote zipo, Baba."

"Najua zipo."

Akakiokota kitenge, akakikunja, akakikunja tena, akabaki nacho mkononi kana kwamba hajui pa kukiweka.