Filimbi Zilizooshwa kwa Sabuni ya Unga

Harufu ya mavi ya njiwa na mbao zilizolowa hunirudisha mpaka leo kwenye kanisa la zamani la Point, hapa Durban, mwaka niliotimiza miaka tisa. Waumini wake wa kwanza walikuwa wamehama au wamefariki, na miche ilikuwa imeanza kuota kwenye mfereji wa paa. Sisi tulikuwa Wakongo tusio na pa kusalia. Bibi mmoja mzee wa Morningside, aliyebaki na ufunguo, alituruhusu kuingia kwa sharti moja: kinanda kibovu cha humo kikilia kufikia Pasaka, jengo tungelitunza sisi. Kisipolia, kingekatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na kanisa lingegeuzwa ghala.

Nieleze kidogo, maana wengi wetu tumezoea kinanda cha umeme. Hiki kilijaza ukuta mzima. Upepo hutoka kwenye mvukuto, yaani mfuko mkubwa wa ngozi, ukapanda hadi kwenye filimbi zilizosimama safu kwa safu. Kila filimbi ina sauti moja tu maisha yake yote: ndefu hunguruma, fupi hulia kama kindege. Ukibonyeza kidole, umeifungulia filimbi moja upepo. Ni hivyo tu, si uchawi. Papa, yaani baba yangu, aliyekuwa akishona makochi kiwandani Mobeni, aliziba matundu ya mvukuto kwa vipande vya ngozi alivyoomba kazini, na wiki mbili kabla ya Pasaka tukakisikia kinanda kikivuta pumzi.

Kisha ikaja Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ambayo kwetu haikosi mtu. Mama, msusi na kiongozi wa kwaya, aliona vumbi ndani ya filimbi, akashindwa kuvumilia. Akina mama walichomoa safu nzima ya katikati, filimbi zaidi ya hamsini, wakazisugua kwa sabuni ya unga na kuzianika uani juu ya vitenge kama vyombo vya harusi. Mimi nilisuuza zile ndogo ndogo. Papa alipofika, alishika kichwa.

“Eish, Mama Mapendo! Kila moja ilikuwa na tundu lake. Sasa ipi ni ya wapi?”

“Ilikuwa chafu, tukaosha,” Mama alijibu, lakini sauti ilimpungua. Alijua ameliweka kanisa zima hatarini.

Hakulia. Kesho yake baada ya ibada alituita sote, akagawa filimbi, mtu na yake, wengine mbili. Tulijipanga kwanza kwa urefu wa filimbi, mstari ukaanzia mlangoni mpaka madhabahuni. Lakini filimbi jirani hupishana kwa unene wa ukucha, na macho hayatoshi. Kwaya yetu haikuwahi kuwa na chombo. Mama ndiye aliyeipa sauti kwa koo lake siku zote. Basi tukapuliza mmoja mmoja, naye akitembea amefumba macho.

“Papa Justin, rudi nyuma moja,” alimwambia mzee mmoja wa kwaya. “Mrefu hivyo, lakini mke wako anakuzidi unene wa sauti!”

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilikuwa wa mwisho kabisa, na filimbi yangu ilikuwa fupi kuliko penseli. Kila iliyopata nafasi yake, Mama aliiandika namba kwa rangi nyekundu ya kucha kutoka saluni, na Papa akairudisha kwenye tundu lake.

Siku ya Pasaka yule bibi alikaa kwenye kinanda, akabonyeza sauti moja moja kuanzia nene. Kila ilipolia, mtu mmoja kwenye mabenchi aliinua kidevu, maana aliitambua yake. Ya mwisho ilikuwa yangu. Ikalia, nyembamba na safi. Bibi akageuka, machozi yakimtiririka. “Ni lenu,” alimwambia Papa kwa Kiingereza, naye akajaribu kututafsiria, lakini vigelegele vilikuwa vimeshamzidi.

Makanisa mengi ya zamani hapa mjini sasa ni maghala na maduka ya magodoro. Kinanda chetu bado kinalia, na mimi ndiye mpigaji. Mwezi uliopita kanisa jingine lilifungwa, wakatuita tukaokoe filimbi zake. Kabla hatujachomoa hata moja, nilitoa mfukoni chupa ya rangi ya kucha, nikaziandika namba zote. Mama, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi, alitusubiri mlangoni mwa kanisa letu, akazichungulia moja baada ya nyingine.

“Hizi iko chafu,” alisema, na tayari alikuwa ameshika ndoo.

Safari hii hakuna aliyeshika kichwa.