Saa Nne ya Kunoa Mapanga

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Nilikuwa nimerudi Kakamega kutoka Uingereza na diploma ya usimamizi, wa kwanza kijijini kwetu kule Khwisero, na sioni haya kulisema mpaka leo. Nilitoka nyumba ya nyasi, nikajisomesha mwenyewe! Na nilirudi wakati gani! Sukari ilikuwa imepamba moto. Matrekta yalipanga foleni langoni mwa kiwanda, mabati mapya yaking'aa kila kilima, na harufu ya molasi ilitufuata hadi kanisani.

Kiwanda kikanipa pikipiki na kundi la wakataji miwa. Mnyapara wao alikuwa Mzee Shikuku, mtu wa maneno machache na kofia iliyotoboka.

Nilikuta wana desturi yao. Saa nne asubuhi, kazi ikiwa imechanganya, wote waliketi chini wakanoa mapanga kwa zamu, kwa tupa moja tu ya mzee. Tupa ikizunguka, mzee alimtazama kila mtu machoni na kumuuliza amelalaje. Wakirudi kazini, mgonjwa alipewa mstari wa miwa myembamba, mwenye nguvu akachukua ule mzito. Mimi niliona uvivu mtupu. Nikapiga marufuku! Kila mtu akapewa tupa yake ya kunolea nyumbani na mstari wa urefu sawa, uliopimwa kwa kamba. Kando ya njia nikasimamisha ubao, na kila jioni nikaandika kwa chaki majina ya watatu wa mwisho.

"Bwana Diploma," Mzee Shikuku akaniambia, "hawa watu sio trekta."

"Mzee, hata trekta ina ratiba," nikamjibu, na vijana wakacheka. Nilijiona mkubwa!

Siku tatu miwa iliongezeka, nami nikapita ofisini kifua mbele. Siku ya nne Makokha, baba wa watoto watano, akajikata mguu. Nilipofika alikuwa anatetemeka. Kumbe alikuwa na homa tangu jana yake.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesemea wapi, bosi? Sisi tunasemanga pale kwa tupa. Na nikienda polepole, jina langu linaenda kwa ubao. Watoto wangu wanapitanga hapo wakienda shule."

Tukampakia kwenye trekta akapelekwa hospitali. Mzee Shikuku akaokota lile panga, akaniwekea mkononi.

"Shika hapo. Ni butu. Umetupima sisi wote na kamba moja, na kamba yako haikujua nani anaumwa. Mimi ningejua. Sasa utaandika nini?"

Hapo ndipo paliponibana. Fomu ya ajali ilitaka chanzo. Nikiandika uzembe wa mfanyakazi, Makokha angefutwa kabla kidonda hakijapona, nami ningebaki safi. Na kwa kuandika ripoti, mwanangu, hakuna aliyeniweza! Kalamu ilikaa hewani muda mrefu. Mwishowe nikaandika: chanzo ni amri yangu. Nikaipeleka kwa meneja mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akaninyang'anya pikipiki msimu mzima. Lakini Makokha alibaki na kazi yake.

Kesho yake nikaung'oa ubao, nikaenda shambani kwa miguu, suruali imejaa masizi ya miwa iliyochomwa majani kabla ya kukatwa. Saa nne mzee akatoa tupa yake, watu wakaketi. Akaniangalia.

"Na wewe, umelalaje?"

"Sikulala, mzee."

Wakacheka wote, naye akanisogezea nafasi. "Basi mpeni huyu mstari mwembamba."

Makokha alirudi akichechemea, na msimu ulipoisha hakuna kundi lililotupita. Hilo pia naringa nalo!

Mwanangu, nawe kesho utapewa watu wa kusimamia. Kabla hujawapima, waulize wamelalaje, na uulize ukiwa umeketi nao. Usimwaibishe mtu njiani, maana aibu ile anaibeba hadi nyumbani, ikakaa na watoto wake wakila. Na fomu ikitaka chanzo, nacho ni wewe, jiandike. Mungu akupe cheo kikubwa kuliko changu, na akupe watu wasioogopa kukuambia kwamba leo wanaumwa.