Kichwa Changu Chini ya Waya wa Kuku

Naona aibu kulisimulia hili, lakini heri mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa hapa kwetu Buraza, maana wao wakilisimulia wanaongeza mpaka yasiyokuwepo. Mimi ndiye yule mtu aliyekutwa amelala kifudifudi chini ya banda lake mwenyewe la kuku, kichwa na mkono mmoja nje, mwili uliobaki ndani, mbele ya majirani wote.

Mambo yalianza kwa kuku kupotea. Nilikuwa nao kumi na wawili, wakabaki saba, na mimi nilijua nani anawachukua, au nilijiambia najua: jirani yangu Melkiori. Kwa nini yeye? Kwa sababu viwanja vyetu vinapakana, kwa sababu kwake sikuwahi kusikia kuku amepotea (kumbe banda lake liko juu ya miguu ya mbao, jambo ambalo ningeliona kama ningekuwa mtu wa kutembelea watu), na niseme ukweli wote, kwa sababu mimi nimekulia Tanzania nikarudi hapa Burundi mtu mzima, nikarudi na ugonjwa wangu, kwamba jirani akinisalimia mara mbili kwa siku najiuliza anapima nini.

Basi nikaamua kujenga banda la waya la kuku kushinda nje bila kuguswa, tena nilijenge kwa siri. Hapo ndipo nilipoharibu. Waya sikununua Gitega, kwa kuwa mwenye duka la vifaa tunalonunulia sote ni shemeji yake Melkiori. Nikasafiri siku nzima mpaka Kobero, kule Muyinga, mpakani na Tanzania, nikanunua wavu wa matundu madogo, nikaurudisha umeviringishwa ndani ya mkeka, na kwenye basi kila aliyeutazama mkeka nilimtazama na mimi.

Sasa kwetu ukijenga hata choo majirani wanakuja na majembe bila kuitwa, mnafanya kazi pamoja, mnamalizia na pombe ya ndizi. Wakaja, Melkiori akiwa mbele.

"Baba Ruti, tumesikia nyundo. Tumekuja kukusaidia, non?"

"Ni kazi ndogo, nitamaliza mwenyewe."

Akainama kuangalia chini. "Lakini hii waya haiingie mu udongo. Mi naona ungeizika kidogo, uikunje inje."

Ehe, nikawaza, anataka kujua waya unaishia wapi. Nikamjibu kwamba Tanzania tunajenga hivi (uongo mtupu, Tanzania sikuwahi kujenga hata kiota cha njiwa). Wakaondoka na majembe yao, na mimi nikatundika maturubai pande zote mtu asione ndani. Mlangoni nikaweka komeo la nje linaloanguka lenyewe, na la kulifungulia ni kamba niliyoificha nyuma ya nguzo, nje, siri ambayo hata mke wangu sikumwambia. Nilimfikiria mwizi wa kuingia, sikumfikiria mwenye kuku wa kutoka.

Siku ya nne, mchana kweupe, kuku mmoja hayupo. Komeo liko mahali pake, wavu wa juu mzima. Mnyama gani anafungua komeo kisha analirudisha? Nikaenda moja kwa moja kwa nyumbakumi wetu, nikamtaja Melkiori kwa jina mbele ya watu waliokuwa wamekaa pale. Wakatazamana, kwa sababu Melkiori ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka kanisani, na mwizi wa kuku hashiki kikapu hicho.

"Bon," nyumbakumi akasema. "Siku ya posho tukitoka ku kazi ya pamoja tutapita sisi wote tuangalie. Kama ni yeye, kikapu ataiacha. Kama si yeye, we utasema mbele yetu. Na ile maturubai, iko nini unafichaka mule?"

Posho ndiyo Jumamosi. Siku hiyo watu wote walikwenda kutengeneza barabara, mke wangu alikuwa soko la Gitega na parachichi zake, mimi nikabaki nyumbani kutafuta alama za viatu vya Melkiori. Nikaingia bandani, nikainama, kuku mmoja akarukia mlango, mlango ukarudi, komeo likaanguka. Nilisukuma, nikavuta, nikabembeleza, wapi. Kupiga kelele nisingeweza, wa kwanza kurudi na kusikia angekuwa nani kama si Melkiori?

Nikalisogeza kasha la kutagia ili nipande nifungue wavu wa juu, na nyuma ya kasha nikaliona shimo. Lilipita chini ya waya, pale pale Melkiori alipoinama, na ndani yake manyoya ya kuku wangu na kinyesi cha nguchiro. Nikahisi joto la aibu mpaka masikioni. Na sitawaficha, wazo langu la kwanza lilikuwa kulifukia, nikae kimya, kikapu kiende kinakokwenda. Niliushika udongo mkononi kabisa, pamoja na yale manyoya. Kisha nikasikia watu wanashuka barabarani wakicheka, nikaona bora wanikute nje, nikalipanua shimo kwa sahani ya kuku, nikajipenyeza. Kichwa kikapita, mkono ukapita, tumbo likakataa.

Wakavuta turubai. Kuku mmoja alikuwa amesimama mgongoni kwangu.

"Mwizi ameshikwa," mmoja akasema, na kicheko kikaanza.

"Mlango unafungukaka namna gani?" nyumbakumi akauliza.

Mtaniamini? Niliwatazama kwanza kuona ni nani wanasikiliza. Melkiori hakungoja siri yangu. Aliweka jembe, akachimba taratibu pembeni ya mbavu zangu mpaka nikatoka, na manyoya yamo bado kwenye ngumi yangu.

"Si yeye," nikasema nikiwa nimepiga magoti. "Ni nguchiro. Melkiori aliniambia niuzike waya, nikakataa. Nisameheni."

"Mwambie yeye," nyumbakumi akasema.

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa tu, na wiki iliyofuata akaja na wenzake, wakachimba mtaro kuzunguka banda, wakauzika waya na kuukunja kwa nje, tukanywa pombe. Hajapotea kuku tena. Kikapu bado anakishika yeye, na mimi nimeapa sitamtaja mtu kwa jina kabla sijatazama nyuma ya kasha langu mwenyewe.

Lakini siku ile ya posho, kabla hajatoka uani kwangu, Melkiori alifungua mfuko wake akanionyesha ndani: chupa ya maji na koti. "Kagua, jirani," akasema. Mpaka leo hufanya hivyo kila anapotoka kwangu, hata kama alikuja kuomba moto tu, na kila mara anacheka. Mimi bado sijaweza kucheka naye.