Mbuyu Alikosa Matusi

Mu Kapata, mutaa ya Kolwezi, kuko bantu benye kutembea bule. Kila samedi, ile Jumamosi yenu, asubui, jua ingali na haya, utabaona: batata ba tumbo mukubwa, bamama ba biatu ya baskets mupya, bote mbio-mbio kama bantu benye kuiba kuku, na hakuna mwenye anabafukuza. Docteur ndiye alibaambia batembee, tension ya damu itashuka. Tension ilishuka kweli. Midomo ndiyo ilipanda.

Présidente yabo ni Mbuyu, mwenye kuuzisha samaki ya kukausha mu soko ya Manika. Sauti yake peke inaweza kusimamisha camion ya mali ya mugodi ku mutelemuko, bila frein. Kama unabisha, uliza chauffeur yote ya Fungurume.

Sasa, ukisikia Mbuyu, ujue kuko Kabange. Kwetu mapasa, bale ba tumbo moja siku moja, banakuya na majina yabo mu mukono: wa kwanza Mbuyu, wa pili Kabange. Na mapasa hatubapokee na upole. Tunabaimbia matusi. Tunatukana mama yabo, tata yabo, mapua yabo, matako yabo, na ile ndiyo heshima yabo. Ukipita mbele ya mapasa bila kutukana, umebazarau.

Mama yabo alipokufa, Mbuyu alikuwa amekuwa mutu mukubwa mu chorale ya kanisa. Bamama ba kilio balikuwa bameanza kupiga makofi juu ya nyimbo ya mapasa, yeye akasimama, akasema: "Hapa tutaimba nyimbo ya kanisa tu. Ile ya uchafu, hapana." Basi bakanyamaza. Mama ya mapasa akaingia mu udongo kimya, kama mwanamuke mwenye alizala moja-moja.

Kabange alimuangalia tu. "Yaya, dada yangu, umezika mama ya mwingine," akasema. Akafunga kitenge yake, akarudia kwa bwana yake, mulobaji wa samaki kule ku ziwa ya Nzilo. Telefone ya dada yake hakupokea tena.

Kutoka Kolwezi mupaka Nzilo si mbali. Lakini mutu wa kiburi, hata mulango ya jirani inamushinda kufika.

Toka siku ile hakuna mwenye alimutukana Mbuyu. "Mama présidente" hapa, "mama wa chorale" pale, heshima kutwa nzima, sawa kula bukari bila mboga. Ku soko, bamama benzake bakianza kutupiana maneno, yeye anaacha kupanga samaki, anainamisha shingo, anasikiliza kama mutu mwenye amesikia muziki ya ujana wake inapita mu barabara. Nusu ya mapasa, nani ataiimbia?

Basi, kikundi ya marche, bale benye kutembea, ikataka wikendi ya kutoka. Mechack, fundi wa pikipiki, mwenye mudomo haina parking, alitaka Lubumbashi.

"Tutaenda Nzilo," Mbuyu akasema. "Docteur alisema kutembea mu muchanga ni muzuri ku magoti."

"Docteur gani, mama?"

"Docteur wangu."

Tata Omer, muzee wa reli, alikuwa mu kile kilio ya mama ya Mbuyu. Akapangusa miwani yake pole-pole. "Docteur ile namujua," akasema. "Anaitwa Kabange. Tuende."

Samedi balifika na bus, balichoma samaki, balitembea pembeni ya maji. Mbuyu mbele, haongee. Dimanche, baada ya maombi, akabapeleka mbali zaidi, mupaka ku camp ya balobaji, kwenye bamama balikuwa banageuza samaki juu ya bitara ya kukaushia.

Mama moja, Louise, akainua kichwa.

"Muangalie hii," akasema. "Mapua kama muhogo ya kuvimba. Umeacha bwana yako mu maji, unakuya kutuonyesha baskets ya kuiba? Na ile matako, umeiazima kwa nani?"

Benzake bakacheka, bakaanza kupiga makofi, na nyimbo ikapanda, ile yenyewe ya mapasa, na uchafu yake yote. Bantu ba Kapata bakakauka. Mechack akataka kuingilia: "Bamama, huyu ni présidente." Tata Omer akamuvuta shati.

"Acha. Anakunywa dawa."

Mudomo ya Mbuyu ilikuwa inacheka, macho inatoa maji. "Muendelee," akasema.

Louise akakaribia. Akamuangalia muzuri, akashika mudomo. "Weye si Kabange."

"Mi ni Mbuyu. Eko wapi?"

"Ameenda na bwana yake ngambo ya kule, banafata samaki. Atarudi siku samaki itabachoka."

"Na munamutukana vile?"

"Kila asubui. Bila ile haitikie mutu."

"Anajibia nini?"

"Anasema: 'Munatukana nusu tu. Nusu ingine iko Kolwezi, na ile ndiyo mubaya zaidi. Siku itafika hapa, mutaomba maji ya kunywa.'"

Mbuyu akaikala juu ya bwato ya balobaji yenye balipindua. Bus, yenye ilikuwa imekuya kubachukua, ikapiga honi. Mechack akasema, "Mama présidente, twende. Kesho kuko soko."

"Soko itajiuza yenyewe."

"Na marche ya samedi?"

"Mutatembea na Tata Omer."

"Tata Omer anatembea kama kinyonga mwenye deni."

"Washa bus," Tata Omer akamwambia chauffeur.

Balipanda. Bus ilipoanza kutembea, Mechack akafungua dirisha, akatosha kichwa inje. Mutu mwenye hana haya, siku ile haya ilimushika, ikamuachilia.

"Mbuyu," akapaza sauti, "mapua yako kama tomate ya jana, na mama yako alikosa kazi siku alikuzala."

Mbuyu akasimama juu ya bwato. Alimutukana yeye, tata yake, pikipiki zake zote, Tata Omer na miwani yake, na chauffeur mwenye hakusema kitu. Bus ilipinda nyuma ya miti, na ile sauti ingali inabafata. Kisha akageuka, uso ku ngambo kwenye Kabange alienda, akaanza kuimbia mama yake ile nyimbo ya mapasa.